Mzee Seifu Moubarak, Mpanga Herufi Aliyemjibia Gélase Barua

Ijumaa hii, tarehe 30 Aprili 2004, Mzee Seifu Moubarak anastaafu baada ya kukitumikia Kituo chetu cha Utafiti wa Mbegu, hapa Bujumbura, kwa miaka thelathini na mmoja na miezi mitatu. Aliingia tarehe mosi Februari 1973 akiwa na miaka ishirini na tisa, na anatoka akiwa babu wa wajukuu saba. Muda wote huo alifanya kazi moja: kupanga herufi za jarida letu, moja baada ya nyingine, kwa vidole vyake, na kulichapa kwa mashine ya kukanyaga kwa mguu ambayo imemzidi umri.

Mkurugenzi wetu, Bwana Salvator, alitaka wasifu huu uandikwe kwa Kifaransa, kama taarifa zetu nyingine zote. Mzee Seifu alikataa. "Muniage mu luga yenye nilikuja nayo," alisema, na kwa kuwa ni mtoto wa Bwiza, mtaa wa Waswahili hapa mjini, lugha aliyokuja nayo ni Kiswahili. Basi kalamu nimepewa mimi, Médiatrice, mtunza maktaba. Nimekaa naye miaka kumi na tisa, ukuta mmoja tu kati yetu, tukigombana juu ya dirisha: yeye alitaka lifungwe upepo usimpeperushie karatasi, mimi nilitaka liwe wazi nisife kwa harufu ya wino. Pia nina jambo la kumwambia mbele ya watu. Nitalifikia.

Kurasa hizi zimepigwa kwenye kompyuta mpya, kwa hiyo hakuzipitia kabla hazijachapwa. Najua atazisoma jioni ya leo akiwa na penseli sikioni, na Jumatatu nitaletewa orodha ya makosa, mstaafu au si mstaafu.

Kazi alijifunza kwenye kiwanda cha chapa cha wamisionari, alikokaa miaka tisa akipanga vitabu vya sala na nyimbo za kanisa. Mwislamu wa Bwiza, aliyeswali swala zake tano, alizijua nyimbo za Noeli ubeti kwa ubeti kuliko wanakwaya wetu wengi. Msomaji aliweke hilo akilini, maana mimi nililisahau, na kusahau kwangu kulimuumiza mtu.

Wasioijua kazi yake wanadhani ni ya mikono tu. Herufi za metali zimepangwa katika kasha la mbao lenye vyumba zaidi ya mia, na kila herufi imechongwa kinyume, kama inavyoonekana kwenye kioo. Mzee Seifu hakwenda shule zaidi ya darasa la sita, lakini alisoma kinyume haraka kuliko wengi wetu tunavyosoma wima. Na hakusoma herufi peke yake. Mwaka 1988 alimrudishia mtafiti mmoja jedwali lake na kumwambia kwa upole kwamba safu ya tatu, ukiijumlisha, haifiki pale ilipoandikwa kuwa imefika. Mtafiti alikasirika mchana kutwa. Kesho yake alikuja na kilo ya sukari akaiweka juu ya kasha.

Siwezi kumweleza Mzee Seifu bila kumweleza Gélase.

Daktari Gélase Baranyikwa alikuwa mhariri wa jarida letu tangu 1984. Ndiye aliyeweka sheria ambayo bado tunaifuata: mwandishi hatoi kitu ili achapwe, na msomaji hatoi kitu ili asome. Jarida hatukuliuza. Tulilipeleka kwa vyuo na vituo mia na hamsini na vitatu duniani, nao wakatuletea majarida yao. Hayo tuliyaita mabadilishano, na ndiyo yaliyokuwa mlango wetu pekee wa kujua wenzetu wanafanya nini, kwa maana bei ya majarida makubwa ya Ulaya hatukuiweza hata katika miaka ya amani. Na kila makala ilichapwa pia peke yake, kijitabu chembamba, ili mtu yeyote popote akiandika kadi kuomba, apelekewe. Anwani ya mwandishi iliwekwa chini ya ukurasa wa kwanza kwa ajili hiyo hiyo. Ukitaka, unaandika. Ukiandika, unapewa.

Kazi yake mwenyewe Gélase ilikuwa maharage. Akiba haiozi, walisema wahenga, lakini wahenga hawakuwajua fukusi wa Carama. Mkulima huvuna, huhifadhi mbegu chunguni, na msimu wa kupanda ukifika hukuta vumbi na matundu. Dawa ya dukani ilikuwa ghali, na vita vilipoanza ikatoweka kabisa. Gélase alizunguka nyumba sitini za wakulima wa Carama na Ruziba, pembezoni mwa mji, kwa miaka minane, akipima jivu la aina gani, limechekechwa vipi, limechanganywa kiasi gani, na chungu kigeuzwe mara ngapi kwa siku ili fukusi wasipate utulivu wa kutoboa. Mwisho wake alikuwa na mbegu zilizokaa miezi tisa na bado zikaota. Wakulima wenyewe, kwa majina yao, aliwaandika kama wenzake katika utafiti.

Mwaka 1995 alituma makala hiyo kwa jarida kubwa la ng'ambo. Walimjibu kwamba ni nzuri, wataichapa, ila kwanza alipe ada ya kurasa, kwa dola. Kiasi chenyewe kingemaliza bajeti yetu ya stempu ya miaka minne. Gélase alikuja na barua ile kwenye chumba cha chapa akaisoma kwa sauti, kisha akaikunja. Nilikuwa mlangoni. "Kazi ya watu wa Carama," alisema, "alafu tulipe ndiyo itoke, na watu wa Carama walipe tena ndiyo waisome? Apana. Mzee, tutaichapa siye."

Alikaa nayo miezi kadhaa akiirekebisha. Jumatatu moja ya Juni 1996 akamkabidhi Mzee Seifu muswada, kurasa arobaini za mwandiko wa mkono, na kumwambia: "Hii usiiweke chini mpaka ifike kwa watu." Mzee Seifu akajibu, "Nimesikia." Hiyo ndiyo ahadi yote iliyotolewa, maneno machache na mkono mmoja wenye wino.

Kesho yake mchana, akirudi kwa baiskeli kutoka Carama kupima maharage yake, Gélase alipigwa risasi njiani. Hatukuambiwa ni nani, na katika miaka ile tulikuwa tumejifunza kutouliza. Alikuwa na miaka arobaini na mmoja, na hakuacha mke wala mtoto. Daphrose, msaidizi wake, ambaye leo ni mkuu wa idara, alikwenda kuichukua baiskeli na madaftari. Mzee Seifu alikwenda msibani Carama, akakaa na mama yake Gélase siku nzima, na siku ya pili akarudi kwenye kasha akaanza ukurasa wa kwanza.

Mwezi uliofuata ukaja embago, vikwazo vya nchi jirani. Mipaka ikafungwa, karatasi ikaisha, na posta ya nje ikawa ya kubahatisha. Bwana Salvator alituita akasema jarida lisimame mpaka mambo yatengemae. Simlaumu. Lakini mabadilishano yalikuwa na kanuni yake, na mimi ndiye niliyekuwa naitunza orodha: anayenyamaza miaka miwili mfululizo anafutwa. Toleo letu la mwisho lilikuwa la Desemba 1995. Mwaka 1996 ukipita na 1997 ukipita, tungefutwa katika orodha za dunia nzima, nasi tusingekuwa na kitu cha kusoma, na kazi ya Gélase ingebaki karatasi arobaini ndani ya droo. Nilimwambia Mzee Seifu hivyo. Aliuliza tarehe tu. Nikamwambia: tarehe 31 Desemba 1997.

Alitafuta karatasi miezi kumi na minne. Aliulizia kwenye ofisi, kwenye maduka ya Wahindi, kwa walimu. Mwisho akaipata mahali ambapo Mwislamu mwema hatarajiwi kuipata: mabaki ya karatasi za lebo za bia, marobota manne, upande mmoja umechapwa lebo na upande wa pili mweupe pe. Bohari yetu ilikuwa inavuja, kwa hiyo aliyapeleka nyumbani kwake Bwiza kwa mkokoteni, mchana kweupe, akipita mbele ya mabaa yote ya mtaa. Watu walimpigia makofi. "Mzee Seifu, umefungua baa?" Akajibu, "Niko naleta maharagi." Mkewe, Mama Fatouma, alilala juu ya marobota yale miezi mitatu, na anasema bado hajasamehe.

Alichapa upande mweupe tu, kisha akakunja kila karatasi ili lebo ziingie ndani zisionekane. Umeme ulikatika karibu kila siku, lakini mashine ya mguu haijui umeme. Nakala mia nne, zote kwa mguu wa kulia, ule ambao sasa unamsumbua akipanda ngazi. Maktaba moja ya Ulaya ya kaskazini, ambako mtu alikuwa amepasua mikunjo kwa kisu, ilituandikia kwa adabu kubwa kuuliza kama chupa zenyewe ziko njiani.

Hapa ndipo tulipogombana kweli.

Jarida letu lina desturi ya tangu mwanzo. Mwandishi akiwa amefariki, pembeni ya jina lake huwekwa alama ndogo ya msalaba, ili msomaji ajue. Nilipoletewa ukurasa wa majaribio wa makala ya Gélase, jina lilikuwa peke yake, na chini yake anwani ya Kituo, kana kwamba mtu huyo yuko mezani pake anasubiri barua. Nikamwambia Mzee Seifu ameusahau msalaba. Akasema hakusahau, ila misalaba hakuna, imepotea katika kasha. Nikamwambia basi aweke alama ya kujumlisha. Akanitazama juu ya miwani: "Mutu si hesabu, dada." Tarehe ilikuwa imefika shingoni. Toleo likatoka tarehe 19 Desemba 1997, na jina la Gélase bila kitu.

Bahasha zilitoka nchini mikononi mwa wasafiri: masista, madaktari wa misaada, na mfanyabiashara mmoja wa Bwiza aliyejua njia ya Kigoma ambayo hatukumwuliza. Hatukufutwa. Majarida ya wenzetu yaliendelea kuingia, machache, kwa kuchelewa, lakini yaliingia.

Kuanzia Aprili 1998 zikaanza kuja kadi. Zote zilikuwa na jina la Gélase. Ya kwanza ilitoka Malawi: maktaba yao, ilisema, haijapokea jarida jipya tangu 1991, na mwandishi ameona kichwa cha makala katika orodha fulani, je, Daktari Baranyikwa anaweza kumpelekea? Kisha Peru, kutoka milimani, bwana shamba ambaye chuo chake kimeacha kununua majarida. Kisha Haiti, Dodoma, Nepali, Honduras. Hawa ni watu wanaokula maharage na wasio na dola ya kusomea habari za maharage. Walikuwa wakiandika: Mpendwa Daktari. Wengine waliuliza maswali. Jivu la pumba za mpunga litafaa? Chungu kisichogeuzika je, kama ni kikubwa?

Mzee Seifu alizichukua yeye. Kila kadi ilipata kijitabu chake na barua fupi ya Kifaransa aliyoipanga kwa herufi, maana mwandiko wake wa mkono, astaghfirullah, hausomeki. Chini aliandika: kwa niaba ya Gélase Baranyikwa, Seifu M. Maswali alimpelekea Daphrose, na Daphrose, ambaye tangu msiba alikuwa anakuja kazini na kukaa tu mbele ya dirisha, alilazimika kufungua madaftari ya mwalimu wake ili apate majibu. Nilimwona akirudiwa na uhai, swali moja baada ya jingine. Mtafiti wa Honduras, mama mmoja mwenye bidii, alilijaribu jivu kwao, akapata matokeo tofauti kidogo, akayaandika pamoja na Daphrose, na makala yao ikatoka kwetu mwaka 2000 bila yeyote kulipa ada. Jina la mama yule lilihitaji herufi ya Kihispania ambayo hatuna. Mzee Seifu akaitengeneza kwa tupa, siku mbili, kipande kidogo kuliko punje ya mchele.

Ndipo hasira yangu ikapata maneno. Mtu anayeweza kumchongea mgeni wa Honduras herufi, anashindwaje kumpa Gélase msalaba? Nikamwambia Daphrose kile nilichokuwa nakifikiri: kwamba Mzee hakutaka kuushika msalaba kwa sababu ya dini yake. Ulimi hauna mfupa. Wiki haikwisha, maneno yale yalikuwa yamezunguka Kituo kizima, jikoni, kwa walinzi, mpaka kwa Bwana Salvator, aliyemwita Mzee Seifu na kumwuliza. Mzee akajibu kwamba misalaba imepotea. Akatoka, akanipita kwenye ukumbi, akanisalimia kama kila siku: "Dada, mwaramutse." Hakujitetea. Na mimi, niliyejua kwamba alipanga vitabu vya nyimbo miaka tisa na kushika misalaba maelfu, sikukumbuka, au sikutaka kukumbuka. Miaka ile kila mtu alikuwa anampima mwenzake kwa kipimo kisichofaa, na mimi nilikuwa na changu.

Mzee alikuja kazini kila siku ambayo barabara ilipitika. Bwiza ilipowaka mwaka 1995 alihamisha watu wake, akaja. Siku mji ulipofungwa kwa mawe na matairi, alisubiri yaondolewe, akaja. Julai mwaka jana mabomu yalipoanguka kusini mwa mji, ukuta wetu ulitikisika na kasha kubwa likapinduka. Maelfu ya herufi yalimwagika sakafuni. Tulikaa chini siku nne, Bwana Salvator naye amekunja suruali, tukizichambua kama mchele. Nakiri kwamba nilikuwa natafuta msalaba. Nilitaka niuone mmoja tu, niunyanyue mbele ya wote. Sikuona hata mmoja, na moyoni nikaanza kusema labda alisema kweli.

Hakusema kweli. Mwezi wa pili mwaka huu tulianza kukabidhiana vifaa vyake, kitu kwa kitu, mimi naandika yeye anataja. Alipomaliza kasha la mwisho, alitia mkono mfukoni akatoa kibiriti, akakiweka mezani. Ndani, juu ya pamba, kulikuwa na misalaba kumi na mmoja. Yote iliyokuwamo Kituoni.

Niliihesabu mara mbili, ndipo yeye akasema. "Mutu mwenye amekufa hawamuandikiye barua, dada. Wakiona ile musalaba watasema pole, watafunga kitabu. Mi nilitaka waandike."

Nikamwuliza kama aliona ni haki, kuacha watu wa mbali wadhani Gélase yu hai. Akasema aliuliza. Siku ile ya msibani alimwuliza mama yake Gélase kama mwanawe apokee barua, na mama alisema, "Mwache aitikie." Na kila kadi, baada ya kujibiwa, Mzee Seifu aliipeleka Carama. Miaka sita. Mama huyo hasomi, kwa hiyo alimsomea: huyu anatoka Peru, anauliza habari ya chungu. Kadi mia mbili na kumi na nne ziko kwake, ndani ya bati la maziwa ya unga. Nikamwuliza mbona hakunieleza pale nilipomsema vibaya. "Ungeambiwa, ungekataa. We unapenda sheria. Na ni vizuri mutu mumoja apende sheria." Kisha akafunga dirisha.

Kwa hiyo nasema hapa, mahali ambapo watu wote wa Kituo watasoma: Mzee Seifu, nilikukosea. Nilisema juu ya dini yako neno ambalo halikuwa na ukweli wala heshima, ukalibeba miaka minne, ukawa unanisalimia. Nimeomba msamaha ofisini ukasema yamepita. Naomba tena kwa maandishi, kwa sababu kosa lenyewe lilikwenda kwa watu wengi, na msamaha nao lazima uende kwa wengi.

Jambo moja lilibaki. Mwezi wa tatu, mama yake Gélase, ambaye sasa ana miaka themanini na mbili, alituma ujumbe kwa Daphrose. Alisema amesikia kwamba Mzee Seifu anapumzika. Alisema mwanawe naye amefanya kazi ya kutosha. Mumpumzishe.

Vijitabu vya Gélase vilikuwa vimekwisha, na tunavichapa upya kwa karatasi ya kweli, isiyo na lebo ya kitu chochote. Alhamisi iliyopita, tarehe 22, Mzee Seifu alifungua kibiriti. Sote tulikuwa tumesimama mlangoni, Daphrose mbele. Alichagua msalaba mmoja, akaupuliza, akaufuta kwa kidole gumba, akauweka pembeni ya jina la Gélase. Kisha akapanga mstari mmoja chini ya anwani, bila muswada, kutoka kichwani mwake: Kazi hii hutolewa bure kwa kila anayeandika, andikeni. Akakaza fremu na kuchapa nakala ya kwanza, akampa Daphrose, akakaa kwenye kiti chake na kulia kidogo. Nasi tulilia, na hatukuona haya.

Basi leo tunaagana na wafanyakazi wawili, mmoja ambaye hata miaka minane baada ya kufa kwake alikuwa bado anaitika, na mmoja aliyemwezesha kuitika. Kwa jina la Kituo, tunamshukuru Mama Fatouma kwa kulala juu ya marobota. Tunamshukuru Mungu, kila mtu kwa namna anavyomwita, kwa kumhifadhi Mzee njiani siku zote zile.

Mzee Seifu, tunakuombea siku ndefu, magoti yasiyouma, na chai yenye sukari mlangoni kwako Bwiza, na watu wa kubishana nao. Mashine tutaipaka mafuta. Kibiriti nimekifungia kwenye droo yangu, na misalaba kumi imo.

Jumanne imeingia kadi kutoka Antananarivo. Aliyeiandika ni mwalimu, ana wanafunzi sitini, anamwuliza Mpendwa Daktari Baranyikwa kama jivu la mikaratusi linafaa. Daphrose ameangalia daftari la tano na jibu lipo. Nimeiandika barua mimi, nikamweleza kwamba Daktari ameshatangulia, nikamtia kijitabu ndani, nikaweka sahihi kama ulivyokuwa ukiweka: kwa niaba ya Gélase. Halafu nikafungua dirisha, nikakumbuka, nikalifunga.